Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wachezaji wa Gemu za Kupigana, Mtwara

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama, Asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Shughuli za mwaka mnazijua, wengi mlikuwepo. Ligi ya Jumamosi pale Chikongola imechezwa, wenzetu wa Lindi walikuja nasi tukawarudishia ziara, pedi nne za kuchezea gemu zimenunuliwa, runinga ya pili imetengenezwa. Zimeingia shilingi 612,000, zimetoka 587,500. Mchanganuo anao mhazini. Naomba niingie kwenye jambo lililoleta maneno.

Baadhi yenu mlitaka Akuma, yule mhusika wa kurusha moto kwenye gemu ya kupigana ya Tekken 7, asiruhusiwe kuchezewa kwenye kombe letu, na kamati ilikataa kumfungia. Nasimama na uamuzi huo, na hoja nilizitoa mimi mwenyewe kikaoni. Maneno kwamba nilimlinda bingwa wetu anayemchezea Akuma kwa kuwa sote ni wa Shangani si ya kweli. Kura zilikuwa tano kwa mbili na muhtasari upo, aje ausome anayetaka.

Wanaopinga wanataja gemu nyingine ya kupigana, Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994, ambako Akuma alipigwa marufuku mashindanoni. Ni kweli kabisa. Lakini gemu ile haina pembeni: ni mbele, nyuma au juu. Akuma akiruka anarusha moto unaoshuka mshazari, na wahusika wengi hawakuwa na jibu. Tekken ina upana. Moto ukija, piga hatua ya pembeni, utapita, naye atakuwa wazi mbele yako. Jibu limo ndani ya gemu. Mwanachama asiyetaka kulifanyia mazoezi asiombe kamati imfanyie kazi hiyo.

Wakongwe mnamkumbuka Eddy, mhusika wa mateke wa Tekken 3. Kila kibanda cha gemu mjini hapa kilikuwa na mtu wa kubonyeza mateke tu, na watu waliapa hazuiliki. Tukajifunza kukinga chini, kungoja teke linalomwacha wazi na kumwadhibu palepale. Eddy akabaki wa wanaoanza. Ikaja zama ya kurudi nyuma, kila mtu anangoja mwenzake akose pigo, mechi zikawa ndefu hadi watazamaji wakaanza kuondoka. Aliyeivunja zama hiyo ni huyuhuyu Akuma, kwa sababu ukimkimbia anakurushia moto kutoka mbali. Tukimfungia leo tunarudi kule kule kwa kungojeana, na vijana hawatajifunza hatua ya pembeni kamwe.

Mpinzani mgumu ndiye anayekunoa. Mwaka 2019 mchezaji wa Tekken Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, alishinda Evo Japan, kisha Evo ya Las Vegas, mashindano makubwa ya gemu za kupigana. Wengi duniani hawakuwa wanamjua. Makali yake aliyapata nyumbani, kwa kuchezana na Wapakistani wenzake waliokuwa wagumu kama yeye. Hata Leroy Smith, mhusika wa Tekken 7 aliyetumiwa na sita kati ya wanane wa mwisho Evo Japan ya Januari 2020, waliomdhibiti ni watengenezaji, kwa kumpunguza nguvu kwenye sasisho la gemu.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Masasisho yanataka bando, bando linataka ada. Mashine yetu moja bado inacheza toleo la kwenye diski lisilo na masasisho, kwa hiyo mtu anazoea pigo Jumamosi hii, akihamia mashine ya jirani analikuta limebadilika. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Tuko wanachama 41. Waliolipa mwaka mzima 14, waliolipa nusu mwaka 9, waliobaki 18 hawajatoa hata senti. Katika hao 18 wamo waliopiga kelele kuliko wote kuhusu Akuma, na nilipoitisha mkutano wa Aprili kulijadili suala lenyewe hawakuja. Walikuja tisa tu. Ingekuwa msimu wa korosho ningeelewa, mtu yuko Tandahimba anaokota zake. Aprili mikorosho haijatoa hata maua. Nauli ya kuwafuata wajumbe majumbani nilitoa mfukoni mwangu, na sijaidai.

Mwaka ujao, Inshallah, tunatarajia kuhamia Tekken 8 hali ikiruhusu, kumpata mfadhili, na kuangalia uwezekano wa kombe la Kusini pamoja na Lindi na Masasi. Hoja ya Akuma inaweza kuletwa tena, kwa maandishi, na mwanachama aliyelipa. Mhazini ana kitabu cha stakabadhi na atakuwepo hadi saa kumi.

Mwenyekiti