Safari ya Ziwa Ngosi Jumamosi hii

Habari za jioni ndugu zangu. Safari ipo palepale. Tukutane Uyole stendi, Mbeya, saa 12 kamili asubuhi. Kosta itaondoka saa 12 na nusu. Anayekuja na rafiki anitumie jina leo, viti vinajaa.

Barabara ya Tukuyu ni lami, haina shida. Shida ipo tukishashuka kwenye gari. Tutapanda kwa miguu ndani ya msitu wa Poroto, katikati ya mianzi na migomba mwitu, na karibu na juu utashika mizizi kwa mikono kama ngazi. Kukiwa na tope panateleza kweli, kwa hiyo vaeni raba zenye meno, si kandambili. Koti la mvua na maji msisahau.

Tukifika ukingoni, ambao kilele chake kina mita 2,620 juu ya usawa wa bahari, ziwa lote liko chini yenu: maji ya kijani yaliyozungukwa na kuta za volkano iliyobomoka zamani, hakuna mto unaotoka. Mimi napapenda mno pale. Naomba tukae kimya kidogo kabla ya kuanza kupiga picha.

Tukirudi tutapitia Daraja la Mungu, mto Kiwira, tuone jinsi lava ilivyoganda na kuacha daraja juu ya maji.

Mwenye matatizo ya magoti aniambie faragha, tumpangie. Michango mwisho Alhamisi jioni kwa mweka hazina wetu.