Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kifafa cha mtoni kisiitwe cha ukoo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: SABABU YA KIFAFA IANDIKWE KWENYE DAFTARI LA MGONJWA

Mheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nakuandikia kutoka Ulanga, mkoani Morogoro, na nakuandikia kama shangazi, maana kwetu habari za posa hazipiti bila shangazi kujua.

Mwezi wa sita mshenga aliyeleta posa ya binti wa kaka yangu alirudi nyumbani. Nikamkaribisha togwa, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya kiti bila kuonja. Nikajua. Akasema wenzetu wamepeleleza, wameambiwa ukoo huu una kifafa. "Shangazi, kosa si la binti. Ni damu." Binti mwenyewe hajaanguka hata siku moja. Wanaougua ni wadogo zake wawili.

Sikuwa na la kumjibu. Daftari za kliniki za watoto wale zipo, nimezitunza kwenye mfuko wa nailoni zisiloane. Miaka sita nzima kila ukurasa unasema jambo lile lile: tarehe, uzito, "kifafa, aendelee na dawa". Kimetokana na nini, hakuna aliyeandika, na sisi hatukuambiwa. Pasipoandikwa sababu, kijiji hujaza chenyewe. Wazee wanasema mizimu, vijana wanasema damu.

Sasa nikueleze ninachokiona mimi. Shamba la kaka yangu liko kando ya mto unaoshuka kwa kasi kwenye mawe, na maji ya namna hiyo ndiyo wanayoyapenda inzi wa usubi kutagia mayai, wale wanaoeneza kwa kuuma vijiminyoo vya ugonjwa wa usubi, yaani upofu wa mtoni. Watoto walizaliwa wazima, wakatembea, wakaanza shule. Yule wa kiume alikuwa na miaka minane siku tulipoona kichwa chake kikianguka mbele akiwa anakula. Tonge liko mkononi, kidevu kinagonga kifua, mara kadhaa mfululizo, halafu anaendelea kula kama hakuna kitu. Tukamgombeza kwamba anasinzia mezani! Mwaka uliofuata ndipo akaanza kuanguka chini kwa kishindo.

Hali hiyo ya kichwa si ngeni huku kwetu Mahenge, wilayani Ulanga. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huku mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliiona kwa watoto na kuiandika. Kule Kameruni watafiti walirudi mwaka 2017 kwa watu waliopimwa ngozi wakiwa watoto, kati ya 1991 na 1993. Waliokuwa na vijiminyoo vingi vya usubi ngozini utotoni ndio kifafa kilichowaandama zaidi. Matokeo yakachapishwa 2018. Mwaka huo huo ukachapishwa utafiti wa hapa hapa Mahenge, nao ukakuta kifafa bado ni kingi katika vijiji viwili ambako dawa ya usubi, Mectizan, imegawiwa kwa miaka 20.

Mheshimiwa, ndugu wanaolala nyumba moja huteka maji mto mmoja na huumwa na inzi wale wale. Kwa mtu wa mbali wataonekana wamerithi. Lakini majirani zetu wa ng'ambo, tusiochangia nao hata babu, nao wana wawili. Na watoto wa kaka yangu mwingine, waliozaliwa na kukulia Dodoma hapo ulipo wewe, damu ile ile, hawana hata mmoja. Mshenga hakuulizia wa Dodoma.

Kifafa cha vinasaba kipo, sikikatai. Kuna kiitwacho Dravet, kinachotokana mara nyingi na hitilafu kwenye jeni ya SCN1A. Mtoto huanza kupata degedege la homa kabla hata ya kutimiza mwaka. Ila wengi wa watoto hao hawakurithi kwa baba wala mama; hitilafu imezuka kwao wenyewe. Kwa hiyo hata cha vinasaba si lazima kiwe cha ukoo. Tena huyo ukimpa kabamazepini, dawa inayowasaidia wagonjwa wengi, unaweza kumzidishia. Kuijua sababu si mapambo ya daftari.

Kwingine sababu ni nyingine: mtoto aliyechelewa kulia leba, malaria iliyopanda kichwani, uti wa mgongo, kijana wa bodaboda asiye na kofia. Halafu kuna tegu la nguruwe, ambalo watu wengi wanalielewa kinyume. Anayekula kitimoto isiyoiva hupata mnyoo tumboni. Kifafa huja pale mayai ya mnyoo huo, yanayotoka na kinyesi cha mtu, yanapoingia mdomoni kwa maji au mboga mbichi, kisha lava, yaani minyoo michanga, wakajichimbia kwenye ubongo. Asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kukipata, kama jirani hana choo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba robo ya kifafa kinazuilika. Utakizuiaje usichokiandika?

Ombi langu la kwanza ni mstari mmoja tu kwenye daftari: "sababu inayodhaniwa". Mganga aulize mtoto alizaliwaje, alianza na umri gani, anaishi karibu na mto gani, kisha aandike, hata kama ni "haijajulikana", na amweleze mzazi kwa maneno ya kawaida.

La pili ni Mectizan. Mgawa dawa wetu anajitahidi, anapita na fimbo yake ya kupimia urefu, lakini akija msimu wa kilimo anakuta nyumba zimefungwa. Watu wamehamia mashambani, na mashamba yako mtoni, kwa hao hao inzi. Ratiba ifuate kalenda ya mkulima, na vijiji vya kando ya mito vipewe dawa mara mbili kwa mwaka bila kukosa.

Wadogo wale wana kliniki Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi ujao. Nitawapeleka mwenyewe safari hii, na nitamwomba mshenga tufuatane.

Wako mtiifu,
Shangazi yao,
Ulanga, Morogoro.