Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka 2025 Chini ya Serikali Jumuishi

Wazee wetu, mama zetu, vijana na wanachama wote, assalaam aleikum na hamjambo.

Katiba ya chama chetu hiki cha kiraia hapa Mombasa inamtaka mwenyekiti aeleze kila mwaka tuliyoyafanya na yaliyotushinda. Safari hii nitakaa sana kwenye jambo moja la siasa, kwa kuwa liliingia katika kila shughuli tuliyoishika. Mengine nitayapitia juu juu. Katibu ana ripoti kamili, na hesabu zilizokaguliwa ziko kwa mweka hazina.

Tarehe 7 Machi 2025, pale KICC Nairobi, Rais William Ruto na marehemu Raila Odinga walitia saini makubaliano ya vyama vyao, UDA cha Rais na ODM cha Raila, yenye vipengele 10, na huo ushirika ndio tunaouita serikali jumuishi. Mwanzo wake mnaukumbuka. Juni 25, 2024 vijana waliingia Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha, Rais akauondoa mswada, Julai akavunja Baraza la Mawaziri, na mwezi haukuisha kabla ya kuwaita watu wa ODM: John Mbadi kwenye Hazina, Opiyo Wandayi kwenye Kawi, Wycliffe Oparanya kwenye Vyama vya Ushirika, na gavana wetu wa zamani Hassan Joho kwenye Madini na Uchumi wa Baharini. Kwa hiyo saini za Machi zilihalalisha yaliyokuwa yameshatendeka. Wapo walioyaita maridhiano, wapo walioyaita usaliti, na katika chama hiki tunao wote.

Kwa Mombasa mambo haya yana uzito wa pekee. Mwaka 2022 viti 5 kati ya 6 vya ubunge vilikwenda ODM. Nyali peke yake ndiyo iliyokwenda UDA. Gavana Abdulswamad Nassir ni naibu kiongozi wa ODM. Hassan Omar, aliyeshindana naye kwa tiketi ya UDA, sasa ndiye katibu mkuu wa UDA. Hawa ndio waliokuwa wakirushiana maneno katika kampeni ile isiyokwisha, tulipoahirishiwa kura ya ugavana hadi Agosti 29 kwa makosa ya karatasi za kura. Leo vyama vyao viko ndani ya serikali moja. Zamani mtu wa Likoni au Jomvu akiudhiwa na Nairobi alikuwa na mbunge wa upinzani wa kumlilia. Sasa huyo mbunge naye ni mwenyeji kule kule kunakolalamikiwa, na katika Bunge la Kaunti sauti ya kuuliza ilikuwa nyembamba tangu hapo awali.

Mjadala huu ulituchoma. Vikao viwili vya kamati havikumalizika vizuri. Vijana walitaka tutoe tamko la kuikana serikali jumuishi. Baadhi ya wazee walitaka tuiunge mkono, kwamba Pwani imekaa nje ya neema miaka mingi na sasa mlango umefunguka. Kamati iliamua chama kisifanye lolote kati ya hayo mawili. Nimeitwa mwoga kwa uamuzi huo, tena na watu ninaowaheshimu, kwa hiyo nautetea hapa mbele yenu.

Mimi nina umri wa kuikumbuka Desemba 2002. Tulipopata NARC, muungano wa vyama ulioiondoa KANU, watu waliwakamata polisi wala rushwa barabarani kwa mikono yao, na Januari watoto wakaingia shule za msingi bila karo. Lakini muungano ule ulisimama juu ya maelewano ya kugawana madaraka kati ya kambi mbili, na upande mmoja ulipokwisha kukaa kitini haukuyasoma tena. Miaka mitatu haikutimia wakawa wamegawanyika, hawa ndizi (ndiyo), wale chungwa (hapana), katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005. Sasa linganisha na 2008. Muungano ule wa Kibaki na Raila ulizaliwa katika damu ya baada ya uchaguzi, ukawa na mawaziri wengi kupita kiasi, na ugomvi wao tuliusikiliza kila jioni. Hata hivyo makubaliano ya Februari 28, yaliyosimamiwa na Kofi Annan, yalipelekwa Bungeni na kufanywa sheria ndani ya wiki chache, na mwisho wake tukapata Katiba ya Agosti 27, 2010, na pamoja nayo kaunti hii tunayoikosoa kila siku.

Tofauti ninayoiona mimi haikuwa upendo wa viongozi, maana haukuwepo mara zote mbili. Ahadi ni deni, lakini liko deni unaloweza kumpeleka mtu mahakamani, na liko la mdomo. Makubaliano ya Machi 2025 yalitiwa saini na vyama viwili. Si sheria ya Bunge. Mwananchi wa Changamwe hawezi kumshtaki mtu kwa kipengele cha sita. Na Oktoba 15 Mungu alimchukua mmoja wa wawili waliotia saini, uongozi wa ODM ukashikwa na kaka yake, Oburu Oginga. Mwezi mmoja baadaye chama kilikuja hapa kwetu Mombasa kusherehekea miaka 20, mji ukawa rangi ya chungwa, na kila aliyepanda jukwaani alikuwa na tafsiri yake ya walichokubaliana.

Siwanyimi haki yao waliotia saini. Tume ya uchaguzi, iliyokaa bila makamishna tangu Januari 2023, hatimaye ilipata mwenyekiti na makamishna waliokula kiapo Julai 11, 2025, na hilo lilitokana na mapendekezo ya mazungumzo ya serikali na upinzani pale Bomas mwaka 2023. Watu wa Banissa walikuwa hawana mbunge tangu wa kwao alipofariki Machi 2023, kwa kuwa hapakuwa na tume ya kuitisha uchaguzi mdogo. Lakini ripoti hiyo hiyo ya Bomas, ambayo vipengele 10 vinaahidi kuitekeleza, inapendekeza ofisi rasmi ya kiongozi wa upinzani. Chama kikubwa cha upinzani kimeingia serikalini kikiwa na pendekezo la ofisi ya upinzani mfukoni, na Kalonzo Musyoka aliyekuwa mwenyekiti mwenza wa mazungumzo yale amebaki nje. Kuna mzee barazani kwetu alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Kipengele kingine kinataja haki ya kuandamana kwa amani na fidia kwa waliodhurika. Haki hiyo tunayo tayari, Kifungu cha 37 cha Katiba. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja hewani, mpaka mahakama ilipoisimamisha amri hiyo. Jopo la fidia lililotangazwa Agosti nalo likaingia kortini. Aliyetukinga ni Katiba na jaji, na wala hakuna aliyekwenda kortini akiwa ameshika vile vipengele 10.

Ndiyo sababu tulielekeza nguvu zetu kwenye mambo yenye sheria na tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma haijali nani kaingia serikalini na nani katoka. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na yapitishwe kabla ya Juni 30. Tulizichapa tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani, na namshukuru kijana wetu wa uchapishaji aliyekataa malipo.

Nawapa mfano mmoja. Tulikwenda kikao cha maoni ya bajeti katika ukumbi mmoja hapa kisiwani. Kitabu cha makadirio kilikuwa kinene, kizima kwa Kiingereza, nakala moja kwa afisa na mbili za kupokezana watu wote. Karatasi ya kusaini mahudhurio ilianza kuzunguka kabla mtu hajasema bismillahi. Mwanachama wetu mmoja wa Majengo, mama muuza viazi karai, akasimama. Hakuomba chochote. Aliuliza, "Mwanangu, mtaro wa kwetu uko ukurasa wa ngapi?" Afisa akamwambia kazi za wadi zimewekwa jumla. "Sawa. Hiyo jumla mwaka jana ilikuwa shilingi ngapi, na zilizotumika ngapi?" Afisa akafungua kitabu, akakifunga, akasema jibu atalileta. Mama akamwuliza jina lake, akaliandika pamoja na tarehe kwenye daftari lile lile analoandikia madeni ya wateja, ndipo akakaa.

Jibu halikuja. Katibu akaandika barua kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayowapa siku 21. Siku zikapita, tukakumbusha, ikaja barua yenye jumla za idara bila mchanganuo wa wadi. Tumeandika tena, na tukipuuzwa tutakata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mtaro wenyewe, wanaopita pale wanajua, mvua za vuli ziliujaza kama kawaida. Kwa hiyo sidai ushindi. Nasema tu kwamba sasa kuna jina la mtu, tarehe na barua mbili, na kabla ya hapo kulikuwa na manung'uniko.

Uandikishaji wa wapiga kura ulifunguliwa tena Septemba 29 katika ofisi za maeneo bunge. Hapa vijana wetu ndio waliobeba kazi, wakiwapeleka wenzao kwa makundi. Kilichotukwamisha zaidi ni kipande, yaani kitambulisho cha taifa, kwani anayetaka kura lazima awe nacho kwanza. Kijana mmoja wa Kibokoni, mama yake kazaliwa hapa na bibi yake kazaliwa hapa, aliambiwa alete cheti cha babu yake. Babu alikufa kabla ya hao wanaokiomba kuzaliwa. Tulimsindikiza mara kadhaa, na mpaka naandika haya bado anangoja. Wanaosema vijana hawapendi kupiga kura wangeanzia kwenye foleni hiyo.

Neno moja kuhusu majirani zetu wa Magarini, kaunti ya Kilifi, waliopiga kura ya uchaguzi mdogo wa ubunge Novemba 27. UDA ilimwachia uwanja mgombea wa ODM, naye Harrison Kombe akarudi Bungeni. Sina neno na aliyeshinda. Wasiwasi wangu ni huo mtindo. Vyama vikianza kuachiana viti kabla ya wananchi kuulizwa, ifikapo uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 huenda Mombasa tukakuta chaguo limeshafanywa hotelini. Tukubaliane leo kwamba kila atakayegombea kiti chochote katika kaunti hii, awe wa chama gani, tutamwalika mbele yetu na maswali ya bajeti ya wadi yake, na asiyekuja tutatangaza kuwa hakuja.

Kwa mwaka unaoanza, kamati inapendekeza kila wadi tuliyo na wanachama iwe na watu wawili wa kusoma bajeti, mmoja wao kijana. Mafunzo yafanyike kabla ya Februari 28, kwa Kiswahili, na kitabu cha makadirio tutakitafsiri sisi wenyewe sehemu zinazohusu wadi. Tutahitaji pia mwanasheria wa kujitolea. Aliyekuwepo amehamia Nairobi, tunamtakia heri.

Ada za wanachama ziliingia kwa kusuasua. Pango la ofisi limelipwa. Viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa ajili ya arusi vimerudi pungufu, na aliyeviazima anajijua.

Mweka hazina atasoma hesabu sasa, kisha tutachagua wajumbe watatu wa kamati ambao muda wao umekwisha. Wenye ada za nyuma wamwone kwenye meza ya mlangoni kabla ya kura kuanza, kwa kuwa kifungu cha mwenye deni kutopiga kura bado hatujakibadilisha.