Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: vitabu vya watoto wenye ulemavu tunavyo, sasa visomwe

Assalaam aleikum wanachama wenzangu, wazee, walimu na vijana wetu wa hapa Pemba, wa Chake, Wete, Mkoani na Micheweni, na nyie mlioko Unguja ambao hamkuacha kulipa ada zenu, ahsanteni sana. Taarifa hii niliisoma kwenye mkutano mkuu ila wengi hamkufika mana ulituangukia msimu wa karafuu, kwa hiyo naiweka hapa, ndefu kidogo lakini naomba muisome yote.

Ya fedha sitoyarefusha, mshika fedha ameshabandika hesabu ofisini na mwenye suala amuulize yeye. Mie nataka tuzungumze vitabu, mana ndo kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu.

Kabati letu limejaa alhamdulillah. Tuna vitabu vya usonji, vya mtindio wa ubongo (ulemavu wa ubongo unaozuia mwili kwenda sawa), vya viziwi, vya watoto wanaochelewa kusema, vingi vimekuja kwa msaada na vingi ni vya Kiingereza. Sasa mama anakuja kutafuta msaada wa mwanawe, anapewa kitabu kizuri chenye picha za rangi, anakwenda nacho nyumbani, baada ya wiki kinarudi kama kilivyotoka. Si mvivu yule mama. Ana mtoto wa kubeba, ana shamba, na lugha ya kitabu haijui, atakisoma saa ngapi na kwa lugha gani? Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba mwakani tusinunue kitabu kipya hata kimoja, pesa yote ya vitabu iende kwenye kufasiri, kurikodi na kuwakalisha watu kitako wasome pamoja.

Nasema hivi kwa sababu ya kisomo cha Jumamosi. Wengi mnakijua, kwa ambao hamjawahi kufika tunatumia zaidi kile kitabu cha David Werner, Disabled Village Children, yaani watoto wa vijijini wenye ulemavu, kilichotoka 1987. Kitabu chenyewe kimetokana na kazi ya kijijini huko Mexico iliyoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe, kina kurasa zaidi ya 600 na michoro chungu nzima, na wachapishaji wanakitoa bure kwenye intaneti, mwenye bando anakishusha tu kwenye simu. Mwalimu anasoma kipande, anaeleza kwa Kiswahili, halafu wazee wanajaribu papo hapo na watoto wao, hatungoji wiki ijayo.

Siku ya somo la kulisha alikuwepo bibi mmoja na mjukuu wake mwenye mtindio wa ubongo. Alikuwa anamlisha kama tunavyofanya wengi, kamlaza mapajani, kichwa kimeangalia juu, uji mwepesi unamiminwa mdomoni, na mtoto anapaliwa kila baada ya vijiko viwili vitatu. Mwalimu akaonesha mchoro: kichwa kikilala nyuma njia ya hewa inabaki wazi na chakula kinapita kwenda mapafuni, ndo mana baadhi ya watoto hawa kifua hakiwaishi. Mtoto akakalishwa wima, nyonga na magoti yamekunjwa, kichwa kimeinama mbele kidogo, uji ukazidishwa uzito na kijiko kikaja kwa mbele usawa wa mdomo, sio kutoka juu. Akala taratibu bila kupaliwa. Bibi akauliza mbona hajaambiwa siku zote hizi na mtoto ana miaka sita. Hakuna aliemjibu. Jibu lilikuwa kwenye kabati letu muda wote huo. (Lakini jamani, mtoto anaepaliwa sana au anaepungua uzito mpelekeni hospitali, kitabu hakichukui nafasi ya daktari.)

Fundi seremala mmoja wa Wete nae tulimuonesha mchoro wa kiti cha pembe, kile chenye mbao mbili za mgongo zinazokutana ili mabega ya mtoto yaje mbele. Kiingereza hajui, aliutazama mchoro, akampima mtoto kwa kamba, akakitengeneza, na sasa anapokea oda.

Kwa wasioona mambo ni mazito zaidi. Kitabu kimoja cha skuli kikigeuzwa nukta nundu, yale maandishi ya nukta sita zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, kinakuwa majuzuu kadhaa, karatasi zake nene na herufi zinakula nafasi, na mashine ya kuandikia ni ghali halafu hewa yetu ya bahari inaila kwa kutu. Ndo mana tumetilia mkazo kile kibao cha mkono na kalamu yake ya ncha ya chuma, bei nafuu na mtoto anatembea nacho mkobani. Unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ukigeuza karatasi unasoma kushoto kwenda kulia. Ustadhi wa chuo kimoja cha Kurani alikuja kuuliza kama Kiarabu cha nukta nundu kinasomwa kulia kama msahafu, hapana, kinasomwa kutoka kushoto kama cha Kiswahili, na nukta ni zile zile sita, yaani vidole vya mtoto vinavyosoma skuli asubuhi ndo hivyo hivyo vinasoma chuoni jioni. Ustadhi kaahidi kuja kujifunza na tunamngoja.

Viziwi bado hatujawatendea haki. Wengi wao wanazaliwa na wazee wanaosikia, nyumba nzima hakuna anaejua lugha ya alama, na miaka ile ya mwanzo ambayo mtoto anashika lugha inapita hivi hivi. Hapa kitabu pekee hakitoshi, alama ni mwendo wa mkono na uso. Kamati inataka vijana wetu viziwi wenyewe warikodi video fupi fupi za alama za nyumbani, chakula, choo, maumivu, njoo, ngoja, tuzisambaze kwenye magrupu, na walipwe kwa kazi yao, hilo nimelisisitiza.

Kuhusu kurikodi vitabu vya kiada kwa sauti, mtu aliuliza kama sheria inaruhusu. Upo Mkataba wa Marrakesh wa 2013, Tanzania ilijiunga 2020, unaruhusu taasisi zinazotambulika kutoa nakala zinazosomeka kwa wasioona bila kuomba idhini ya mwenye kitabu, na hauishii kwa wasioona, hata mtoto ambae mwili haumruhusu kushika kitabu na kufunua kurasa yumo. Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki, kwa hiyo tunaandika barua kwanza tujue sisi tunaingia vipi, halafu tuanze.

Walimu, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 imeitaja elimu mjumuisho, yaani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, lakini mwalimu mwenye darasa la watoto themanini hawezi kuitekeleza kwa kuisoma tu, nawaomba mje Jumamosi, mlete na maswali ya darasani kwenu.

Pendekezo la bajeti litapigiwa kura kikao kijacho, anaelipinga aje aseme, nitamsikiliza. Anaeweza kufasiri au mwenye sauti nzuri ya kusoma ampe jina katibu. Na vitabu vyote vilivyoko majumbani virudishwe kabla ya mwezi wa Ramadhani ili tupange vipi vifasiriwe mwanzo.