Posa ya kwenye simu nayo iulizwe

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi niseme na mababa, maami na makaka wenzangu wenye mabinti wa kuoza. Posa ikija, mkaambiwa vijana wamejuana mtandaoni, msiirudishe kabla hamjaiuliza. Hapa Wete nimeona posa za watu wema zikirudishwa kwa neno hilo moja tu, na binti akabaki na huzuni yake ndani bila mtu kumuuliza kitu. Matapeli wapo, wanajulikana, na tunawaogopa sote. Lakini tapeli hakamatwi kwa kufunga mlango. Hukamatwa kwa kupelelezwa.

Nazungumza kwa sababu mdogo wangu wa kike ameposwa mwaka huu. Baba yetu ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wake, msimamizi wake wa ndoa, ni mimi. Yeye anafundisha skuli hapa Wete, kijana ni mtu wa Makunduchi, Unguja, dereva huko Dubai. Walijuana kwenye Muzz, programu ya Waislamu wanaotafuta ndoa. Ndani yake mna sehemu ya kumweka walii, akawa analetewa nakala za mazungumzo. Mdogo wangu aliniweka kwa hiari yake. Alikuja akaniambia, "Kaka, kuna mtu nazungumza naye, nataka na wewe uyaone."

Nikayaona. Waliulizana kama ataendelea kusomesha akiolewa, kama watakaa Unguja au Pemba, na mama yetu ambaye ana sukari ataangaliwa na nani. Kijana alieleza mshahara wake na anavyoishi kule. Wallahi, nimeshakaa kwenye posa nyingi za barazani na sijasikia mambo hayo yakiulizwa kwa uwazi kama ule.

Baadaye wakahamia WhatsApp. Dubai simu za WhatsApp zimezuiwa, hazipigiki, basi wakawa wanatumiana sauti. Mdogo wangu akirudi skuli hukaa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi, simu kaiegemeza kwenye kifuu, na sauti ya kijana inasikika uani kote. Mama alimjua mkwewe kwa sauti kabla hajamwona sura. Ikifika pale anaposema "nisalimie mama", mama huitikia kabisa, ingawa yule hamsikii.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuuliza. Nilivuka Unguja nikaenda Makunduchi, nikaanza kwa sheha, kisha imamu. Wote walimsifu, na sikutosheka, maana yule ni mtoto wao. Aliyenipa habari za maana ni mwenye duka jirani na kwao. Alinambia kijana akija likizo hupita kwanza dukani na begi lake, akalipa deni la mama yake, ndipo akaenda nyumbani. Hilo niliondoka nalo.

Upande wa Dubai nilimtuma mtu wa hapa kwetu anayefanya kazi huko, aende Deira chumbani kwake bila taarifa. Alimkuta anapiga pasi shati la kazi, chumba kina vitanda vya juu na chini, wamelala watu sita. Nikafungua zile nakala, nikakuta alishamwambia mdogo wangu hivyo hivyo, mpaka idadi ya vitanda. Hapa ndipo ninapotaka wenzangu waangalie vizuri. Ya barazani husahaulika, kila mtu akaondoka na lake. Haya yameandikwa, na walii ana kitu cha kulinganisha na anayoyasikia kwa majirani.

Wazee wao walikuja wakati wa kusi. Mama wa kijana alikuwa hajapanda chombo cha Pemba tangu meli ya Spice Islander ilipozama Nungwi, Septemba 2011. Alishuka bandari ya Mkoani anashikwa mkono, hata maji hakuweza kunywa, na bado alikuwa na safari ya gari mpaka Wete. Barua ya posa ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa pamoja na fedha, ami yetu akaipokea. Shangazi akaingia ndani kumuuliza binti, na mahari binti akayataja mwenyewe. Siku ya jawabu, pete alivishwa na mama mkwe. Sioni kipi cha mila yetu kilichokosekana.

Wapo walioninong'oneza kwamba simu wao haiwasumbui, kinachowasumbua ni kuwa kijana ni wa Unguja. Hao naomba waseme wazi, wasijifiche nyuma ya mtandao.

Nikahi tumeipanga baada ya msimu wa karafuu, kijana akipata likizo, inshaallah. Nawaomba mabinti wanaozungumza na mtu wamweke walii tangu mwanzo, si siku ya posa. Na nawaomba mawalii, binti akikujia na habari hiyo, usimnyang'anye simu. Ukimnyang'anya atazungumza kwa simu ya shoga yake, na wewe hutajua hata jina la mtu wa kwenda kumuuliza.

Wasalaam,

Kaka wa mposwa,
Wete, Pemba