Matusi ya mtandaoni yapimwe kwa mizani moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniumiza. Mwezi uliopita, mtaani kwetu Temeke, kijana muuza chipsi alikamatwa kwa kumwandikia kiongozi mmoja maneno makali kwenye kundi la WhatsApp, na mama yake akapanda daladala siku tatu mfululizo na hotipoti ya wali mkononi, akisubiri dhamana kwenye benchi la kituo. Simu ya kijana, ambayo ndiyo anayopokelea malipo ya wateja, bado inashikiliwa kama kielelezo.

Simtetei, maneno yale yalikuwa ya aibu, nami nilimwambia hivyo ana kwa ana. Lakini wiki ileile mtu wa upande wenye nguvu alimporomoshea mwanasiasa mwanamke matusi ya nguoni, akamgusa hadi mama yake mzazi, na hakuna aliyemwita hata kumhoji. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kinachokataza kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao, hakikuandikwa kwa ajili ya wakosoaji peke yao, na Ibara ya 13 ya Katiba yetu inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria.

Nawaomba wahusika waamue: ama waitwe wote wawili, ama maneno makali yasiyohatarisha usalama wa mtu yajibiwe kwa maneno, kwa kuheshimu uhuru wa maoni uliomo katika Ibara ya 18.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam