Barua ya wazi kwa OCS wetu: Tulileta taarifa, hatukuja kuomba kibali

Kwako Bwana OCS, mkuu wa kituo chetu cha polisi,

Salamu nyingi. Natumaini vijana wako wamepumzika baada ya kazi nzito ya Jumanne, ile ya kuwatawanya akina mama waliojihami kwa katoni zilizoandikwa "Tuzibulieni mtaro".

Unanijua. Mimi ndiye katibu wa wachuuzi niliyekuletea barua ya taarifa ya maandamano ofisini, ukaniita mama, nami nikakuita afande. Barua ile ilikuwa na kila kitu ambacho Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56 ya sheria za Kenya, inadai: majina kamili ya waandalizi na mahali wanapoishi, tarehe, saa, na njia tutakayopita kutoka sokoni hadi ofisi za kaunti. Sheria inataka taarifa ije si chini ya siku 3 kabla, wala si zaidi ya 14. Tulikuwa ndani ya muda. Ofisa wako akaigonga mhuri na nakala ninayo.

Sasa nieleze. Kwa nini asubuhi yenyewe tuliambiwa "hamna kibali"? Kibali gani, afande? Mambo ya leseni za mikutano yaliondolewa mwaka 1997, kwenye mageuzi ya IPPG, yale maafikiano ya wabunge wa vyama vyote, kabla baadhi ya hao askari wako hawajazaliwa. Tangu hapo raia hupeleka taarifa, basi. Katiba ya 2010 ikaja na Kifungu cha 37: kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, mradi ni kwa amani na bila silaha. Sisi tulikuwa na filimbi.

Ulimwambia mwenyekiti wetu kwa simu kwamba umetumia "busara ya kazi". Siikatai busara hiyo, inahitajika. Baada ya waandamanaji kuvamia Bunge tarehe 25 Juni 2024, naelewa kila kituo kina wasiwasi, na wahuni wa kuvamia maduka hawakosi kujipenyeza. Lakini sheria imeiwekea busara yako mipaka. Kama kuna kundi jingine lililotangulia kutoa taarifa ya siku ile, saa ile na mahali pale, unatujulisha mara moja, kwa maandishi. Hukutuandikia. La sivyo, iwe kuna hatari ya wazi, ya papo hapo, ya kuvunja amani. Nani alikuwa hatari? Tulikuwa hata hatujaondoka sokoni! Mkebe wa kwanza wa kitoa machozi ulitua ndani ya mtaro ule ule tunaoulalamikia, ukazama nusu kwenye maji meusi, ukawa unachemka na kufuka moshi mbele ya vibanda. Nyanya zangu, nilizonunua kwa mkopo wa chama chetu cha akiba, zilikanyagwa zikawa uji. Marejesho ya chama hayasubiri, na macho yangu bado yanawasha hadi leo.

Aliyenisukuma ukutani alikuwa na sare kamili lakini hana jina wala namba kifuani. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linasema askari mwenye sare avae kitambulisho hicho mahali kinapoonekana. Linasema pia kwamba njia zisizo za nguvu zitangulie, na kwamba "niliagizwa na mkubwa" si utetezi. Wenzetu waliobebwa kwenye Land Cruiser walilala seli, wakaachiliwa asubuhi bila mashtaka, kabla ya zile saa 24 za Katiba kutimia. Hesabu ya saa mnaijua vizuri. Walipouliza namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, wakaambiwa waende nyumbani washukuru Mungu.

Watu wanasema simu ilipigwa kutoka juu usiku wa kuamkia Jumanne. Mimi sina ushahidi, ila najua ofisi ya kaunti haikutaka kutuona mlangoni pake, na najua wiki iliyotangulia mheshimiwa mmoja alisimamisha msafara wake kwenye makutano yale yale, spika zikivuma, matatu zimekwama mpaka jioni. Askari wako walikuwepo. Walikuwa wanamfungulia njia! Siku hiyo busara ya kazi ilikuwa likizo.

Na kwenye baraza la chifu ni wewe uliyesimama ukasema, "Leteni barua, nitawapa askari wa kuwasindikiza." Tulikupigia makofi, Bwana OCS. Mimi nilipiga kwa mikono miwili.

Nilikuwa na orodha ndefu ya madai: nyanya, macho, matibabu, ile simu yangu iliyopotea wakati wa kupekuliwa. Hayo tutayapeleka IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi. Kwako nina moja tu. Kifungu cha 5 cha Sura ya 56 kinakutaka uweke rejista ya taarifa zote za mikutano na maandamano, na raia yeyote ana haki ya kuikagua saa za kazi. Nionyeshe rejista hiyo. Nataka kuona mstari wenye taarifa yetu, na ule wa mkutano wa mheshimiwa, kama upo. Nilipomwuliza ofisa wa zamu, alicheka, akaniuliza mimi ni wakili wa nani.

Nitakuja tena Jumatatu saa tatu asubuhi. Nionyeshe rejista, afande. Kama haipo, niandikie kwamba haipo, na utie sahihi.

Wako,
Katibu wa wachuuzi